Paini Inahesabiwa, Kutu Haihesabiwi

Ndugu zetu wakimbizi, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma maandishi yetu, leo tunaongea juu ya mti na ugonjwa. Mti ni paini. Ugonjwa ni kutu ya maharage, ile ya vidonda vidogo vya rangi ya matofali chini ya jani, ukipitisha kidole kinabaki na unga kama umeshika bati bovu. Kuna atakayeuliza hivi viwili vinafananishwaje. Mmoja ni mti unaopanda mita 30 na kupita, mwingine ni kuvu ambayo usipoinama huioni. Sisi tunavifananisha kwa sababu vinakutana kwenye kipande kimoja cha ardhi, hiki tunachokilima, na msaada unaotufikia umekuja na macho ya kuona kimoja tu.

Paini inahesabiwa. Miche mingapi imetolewa, mingapi imepandwa, vijana wangapi walivaa fulana siku ya kupanda. Kutu hakuna anayeihesabu. Hatujawahi kuona fomu yenye sehemu ya kujaza majani mangapi ya maharage yalianguka kabla ya ua.

Sisi ni vijana wa Kongo na wa Sudani Kusini. Wengine tumeandikishwa Lobule huko Koboko, na wengine tunapanga vyumba Arua mjini, ambako mgao haufiki. Wa Lobule wanalima kiwanja walichopewa na kipande cha kuomba kwa Wakakwa wenye ardhi. Wa mjini wanakodi mashamba upande wa Adumi, karibu na mpaka, kule ambako Walugbara wa huku na wale wa Aru wanasalimiana kwa lugha moja kana kwamba mpaka ni kijito tu. Wote tunapanda maharage. Wenzetu waliokulia Kilingala wanayaita madesu, lakini kutu inayashika vilevile.

Tuanze na paini, maana ndiyo yenye heshima. Ile inayopandwa sana Uganda jina lake la kitaalamu ni Pinus caribaea, na asili yake ni nchi za Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Si mti wa hapa. Ililetwa kwa sababu inakua haraka, inanyooka, inavumilia udongo uliochoka, na mbao yake ina soko. Kuanzia 2004 kulikuwa na mpango mkubwa uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, wa kuwasaidia watu binafsi kupanda miti ya mbao. Ili mkulima aingie kwenye mpango ule alitakiwa awe na angalau hekta 25. Hatulaumu. Mbao ni biashara ya eneo kubwa, na waliopanga walijua hesabu zao.

Sasa weka hesabu hizo kwenye kiwanja chetu. Familia nyingi za wakimbizi huku West Nile zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Hekta 25 ni zaidi ya viwanja 277 vya namna hiyo. Paini hupandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, miche 1,111 kwa hekta. Kwenye kiwanja chetu inaingia miche 100, ukishabomoa nyumba, ukahamisha choo, ukang'oa mihogo, na ukamwambia bibi akalale kwingine. Halafu unasubiri. Mpaka ifae kwa mbao nzuri ni kama miaka 18 hadi 20, na katikati kuna kupogoa matawi, kupunguza miti iliyobanana, na kila kiangazi kusafisha njia ya kuzuia moto, maana sindano zake kavu zikishika moto Januari hakuna ndoo itakayouzima.

Mwaka juzi mradi mmoja, jina tuliache, ulikipa kikundi chetu miche 300 ya paini na mafunzo ya siku moja. Miche 300 ni viwanja vitatu vizima. Hakuna aliyeuliza viwanja hivyo viko wapi. Tulipoenda kwa mwenye shamba tunalokodi, mzee yule alitusikiliza kwa adabu, akatuletea viti, kisha akakataa. Sababu yake tuliielewa palepale. Kwa ardhi ya ukoo, mti wa muda mrefu ni kama sahihi. Aliyepanda ndiye atakayesema kesho kwamba pale ni pake. Maharage yanatoka ardhini baada ya miezi mitatu na mgeni bado ni mgeni. Paini ikikaa miaka 20, watoto wa mzee watamkuta mtu kutoka Kongo anadai kivuli. Ardhi ya huku kwa sehemu kubwa ni ya wenyeji kwa mila, hata ile ya makazi yetu ni wao waliokubali kuitoa. Kwa hiyo unapotupa mche wa paini bila maandishi, unatupa ugomvi uliochelewa.

Na sheria iko wazi. Kanuni za Wakimbizi za Uganda za 2010 zinaturuhusu kuitumia ardhi ya makazi kwa kulima na kuchunga, lakini si kuiuza, si kuikodisha, si kumhamishia mtu mwingine. Hiyo ni huruma kubwa kuliko nchi nyingi, na tunaisema kila mahali. Lakini kanuni hiyo inamtosha mtu wa maharage. Mtu wa mbao anahitaji kujua nani atakata na nani atauza baada ya miaka 18, wakati ambapo yeye mwenyewe huenda yuko Bunia, au Juba, au Canada, au kaburini.

Tugeukie kutu. Kiswahili kimeiita kutu kwa rangi yake, wala haina uhusiano na chuma. Ni kuvu, na wataalamu wanaiita Uromyces appendiculatus. Tabia yake kubwa ni hii: haiwezi kukua bila jani lililo hai. Kuvu nyingine zinaweza kuota kwenye mabua yaliyooza, hii inahitaji mwenyeji anayepumua. Ndiyo maana haiui shamba kwa siku moja. Inakunywa polepole, na inataka jani liendelee kuishi ili nayo iishi.

Inasafiri kwa upepo. Ule unga unaobaki kidoleni ni mbegu zake, maelfu kwa maelfu kutoka kidonda kimoja. Mbegu ikitua kwenye jani lenye umande wa usiku mzima, na hali ya hewa si baridi kali wala joto kali, inaota na kuingia ndani. Baada ya siku 10 hivi, au chini ya wiki mbili, kidonda kipya kimepasuka na kinatoa unga wake chenyewe. Maharage yetu yanachukua karibu siku 80 au 90 toka kupanda mpaka kuvuna. Piga hesabu: msimu mmoja wa maharage ni vizazi sita na zaidi vya kutu. Na msimu wetu wa pili unaangukia Agosti, Septemba na Oktoba, miezi ambayo Arua inapata mvua nyingi na majani hayakauki mpaka saa nne asubuhi. Ukiambiwa uchague hali ya hewa ya kuifurahisha kutu, ungechagua hiyo.

Ikiingia wakati maganda yameshajaa, hasara ni ndogo, unavuna na maisha yanaendelea. Ikiingia kabla ya ua, majani yanakauka na kuanguka, maganda yanakuwa machache, na mbegu ndani zinakuwa nyembamba kama kucha. Mtu aliyetarajia debe anarudi na kikombe. Hapo wengine husema ni udongo, wengine husema ni jicho la jirani. Tumesikia watu wawili wakikosana kwa jambo la jicho, na shamba lote lilikuwa jekundu kwa kutu.

Mnajua tumefikaje kwenye kutegemea maharage namna hii. WFP ilishusha mgao hadi asilimia 70 Aprili 2020, ikashusha hadi asilimia 60 Februari 2021, na toka 2023 tumegawanywa kwa makundi ya mahitaji, wengine wakabaki hawana kitu. Sisi hatuandiki kulaumu, fedha za wafadhili zimekauka na kila mtu anajua. Tunasema tu kwamba kabla ya 2020 kutu ilikula mboga yetu. Sasa inakula chakula chenyewe, na ada ya shule, na dawa. Kwa nyumba nyingi debe mbili za maharage zikiuzwa sokoni Arua ndizo daftari na sare za muhula.

Hapa atasimama mtu wa shirika, na ana haki ya kusimama, aseme: lakini nyinyi mnamaliza miti, wenyeji wanalalamika, lazima tupande. Ni kweli tunapika kwa kuni. Ni kweli dada zetu wanaenda mbali kila mwaka zaidi, na wamepigwa na kufukuzwa huko porini. Ni kweli pia kwamba miti ya West Nile ilikuwa inakatwa kabla yetu, miaka mingi, kwa kukausha tumbaku na kwa mkaa wa mijini, lakini hoja hiyo haipiki ugali, tuiache. Swali letu ni dogo: kama shida ni kuni, kwa nini paini?

Paini ukiikata chini, kisiki kinakufa. Haichipui. Mjohoro unaukata leo, mwaka kesho una fimbo mpya kumi. Kalitusi inachipua. Lusina inachipua na mbuzi anakula majani yake. Mti wa nyumba ya mkimbizi ungetakiwa uwe ule unaokatwa na kurudi, unaopandwa mstari mmoja mpakani bila kula shamba, na unaoanza kusaidia ndani ya miaka miwili au mitatu. Mwembe pia, ingawa tunajua mwembe nao ni mti wa kudai ardhi. Kuni za paini zina utomvu, moshi wake unapaka sufuria weusi ambao hautoki hata kwa majivu. Paini ni mti mzuri sana wa mtu mwenye hekta 25 na hati.

Kuna jambo la kuchekesha kidogo kuhusu paini ambalo mafunzo yale ya siku moja hayakuligusa. Paini haikui vizuri peke yake. Mizizi yake inahitaji kuvu rafiki, inayoishi nayo udongoni, inayoiletea maji na chumvichumvi, nayo paini inailipa kwa sukari. Sehemu nyingi za Afrika ambako kuvu hiyo haikuwepo, miche ya kwanza ilidumaa na kugeuka njano mpaka watu walipoleta udongo kutoka chini ya paini za zamani. Mpaka leo nasari hufanya hivyo. Kwa hiyo ule mti unaosifiwa kwa kujitegemea ulikuja na ndugu yake chini ya ardhi, na bila ndugu huyo asingesimama. Kutu nayo ni kuvu inayoishi kwa mwenyeji. Tofauti ni kwamba moja inalipa kodi na nyingine hailipi. Tunaitaja kwa sababu tumechoka kusikia neno "mgeni" likitumiwa kana kwamba linatosha kueleza nani analisha na nani anakula.

Na kuna mahali paini na kutu vilikutana uso kwa uso. Ilikuwa Amerika ya Kaskazini. Pale kuna paini nyeupe, mti uliojenga nyumba na meli zao. Mbegu zake zilikuwa zimepelekwa Ulaya zamani, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakaona ni rahisi kununua miche iliyokuzwa kwenye nasari za Ulaya na kuirudisha nyumbani. Miche ilirudi na kutu ya huko. Ilionekana jimbo la New York mwaka 1906. Kutu hiyo inahitaji mimea miwili ili izunguke: paini, na kichaka cha matunda madogo kinachoitwa ribes. Bila mmoja kati yao haimalizi safari yake. Basi wakaamua adui ni kichaka. Kwa miongo mingi serikali ililipa watu, maelfu kwa maelfu katika miaka ya 1930 wakati kazi ilikuwa shida, kung'oa ribes msituni kwa mkono. Waling'oa mamilioni kwa mamilioni. Katika miaka ya 1960 kazi hiyo iliachwa sehemu kubwa, na kutu bado ipo mpaka leo.

Sisi kwenye habari hiyo tunaona kichaka. Hakikuja na meli. Kilikuwa pale, jirani, kikizaa matunda yake. Mche uliokuja kama msaada ndio uliobeba ugonjwa, na jirani ndiye aliyeng'olewa. Ukikaa kwenye makazi ambayo kila ukame na kila kesi ya kuni inatafuta jirani wa kumshika shati, utaelewa kwa nini tumeisimulia.

Majina nayo yana mambo yake. Mwaka 1998, huku huku Uganda, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere kusini magharibi, mtafiti William Wagoire aligundua kutu mpya ya shina la ngano iliyoshinda ngano ambazo dunia ilizitegemea. Wakaiita Ug99. Haikuomba kibali: ikaonekana Kenya, Ethiopia, ikavuka bahari mpaka Yemen, na 2007 ikathibitishwa Iran. Dunia nzima ikahangaika, na ilikuwa sawa kuhangaika, watafiti wakakusanyika na ngano mpya zikatafutwa. Sisi tunajiuliza tu: kumbe kutu ikigusa ngano inapata mkutano, na ikigusa maharage ya Adumi inapata fulana ya siku ya kupanda paini?

Maana dawa zake nyingi si za gharama. Kung'oa mabua ya zamani na kuyazika au kuyalisha mbuzi badala ya kuyaacha pembeni. Kung'oa maharage yaliyojiotea yenyewe kati ya misimu, kwani ndiyo daraja la kutu kuvuka kiangazi. Kutopanda maharage mapya ubavuni mwa yale yenye kutu, hasa upande unaopelekewa upepo. Kubadilishana na mahindi, mihogo au simsim. Kutopalilia asubuhi majani yakiwa na umande. Hakuna hata moja hapo inayohitaji gari jeupe.

Lakini kubwa kuliko zote ni mbegu. Kutu ya maharage ina aina nyingi ndani yake, kiasi kwamba maharage yanayoishinda mahali pamoja yanashindwa mahali pengine. Kwa hiyo kumpa kila mtu mbegu moja ya rangi moja, kiwanja kwa kiwanja, mtaa mzima, ni kuipikia kutu sherehe. Ikimshika mmoja imewashika wote, hakuna shina la kuikatisha njia. Wamama wa Kivu wanapanda mchanganyiko toka zamani: nyekundu, njano, za madoa, nyeusi, zote shamba moja. Watafiti walipokwenda kuangalia walikuta hekima ndani yake, kwa sababu shina gumu likisimama kati ya mashina laini linapunguza unga unaoruka. Halafu mkimbizi huyohuyo kutoka Kivu anafika huku, anapewa pakiti ya rangi moja, na anaambiwa mchanganyiko ni kilimo cha kizamani.

Arua si porini kwa jambo hili. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Abi, ambayo ni ya NARO, iko hapa hapa kwetu. NARO imetoa aina za maharage chini ya majina ya NABE na NAROBEAN. Mtu wa shirika anayepanga bajeti Kampala anaweza kuuliza Abi ni aina gani tatu au nne zinaweza kuchanganywa kwa mvua ya huku, zikaiva karibu wakati mmoja, zikapikika pamoja, na zikapata bei sokoni. Tunasema hayo ya mwisho kwa makusudi. Mchanganyiko usiopikika sawa, mama ataurudisha.

Hatusemi msilete miti. Leteni mijohoro na lusina. Mkitaka kuleta paini, kaeni kwanza na mwenye ardhi, na mwenyekiti wa LC1, na sisi, na karatasi: miti ni ya nani, nani anapogoa, nani anazima moto, ikiuzwa inagawanywaje, na mkimbizi akihama sehemu yake inaenda kwa nani. Mahali ambapo mwenyeji ana hekta zake na vijana wana mikono, makubaliano ya namna hiyo yanaweza kuwa kazi ya kweli kwa pande zote. Na fomu zenu ziongezwe sehemu mbili. Moja ya kuandika miche mingapi ilikuwa hai baada ya miaka mitatu. Nyingine ya debe za maharage.

Miche yetu 300 iligawanywa. Mingine mzee wa Adumi aliipokea yeye mwenyewe na kuipanda juu ya kilima chake, kwa jina lake, na sisi tulimsaidia kuchimba mashimo. Iliyobaki ilikauka kwenye vifuko, nyuma ya nyumba ya mwenzetu mmoja, ambako mama yake sasa ametumia vifuko vile kuotesha sukuma.

Msimu wa pili tunapanda mistari sita ya mbegu moja, na kando yake mistari sita ya mchanganyiko ambao wamama wamechagua wenyewe rangi nne. Shamba ni lile la kukodi, mzee amekubali kwa maharage bila neno. Kila Jumamosi jioni, majani yakiwa makavu, tutahesabu majani yenye kutu kwenye mashina kumi ya kila upande na kuandika kwenye daftari. Mfanyakazi wa shirika lolote anayetaka kuja kuhesabu na sisi anakaribishwa, aje na viatu vya matope. Fulana tunazo za kutosha.